Gari Juu ya Mawe

Wiki iliyopita fundi mmoja kijana pale Katesh aliniambia nisogee mbali na gari langu kwa sababu anataka kuwasha moto. Gari lenyewe ni la zamani, nalimiliki kwa ubishi tu, na pini za springi za nyuma zilikuwa zimeshikana kwa kutu mpaka spana ikawa inateleza. "Mama, kaa pale kwenye benchi, hii harufu siyo nzuri," akasema. Nikamwambia harufu hiyo nilianza kuinusa yeye hajazaliwa. Akacheka, akadhani namtania. Mpira uliokuwa ndani ya tundu la springi ulipoanza kuungua, ule moshi mweusi ukanifikia ukiwa umechanganyika na mafuta ya taa, nikajikuta machozi yananitoka mbele ya vijana wa gereji. Mtu mzima mimi, na mkoba wangu begani. Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Kuna harufu ambazo hazimwulizi mtu ana umri gani.

Sisi tulikaa Endasak, chini ya mlima Hanang, kule ambako mahindi na maharage hulimwa mpaka kwenye mteremko wa kumkata mtu pumzi. Watu walitembea kwa miguu, na pikapu ya Baba ilikuwa ya wote. Ilibeba magunia, mabati, maharusi, na safari moja ilibeba dume la ng'ombe ambalo liliamua kushuka kabla ya kufika mnadani. Nyuma upande wa kushoto ilikuwa imeinama, kama mzee mwenye goti bovu. Jirani yetu Bura, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa kijiji kizima, alikwisha mwambia Baba kwamba kile chuma kirefu cha juu cha springi kimeanza kupasuka, na kwamba pini zake zimeliwa na kutu kiasi kwamba kuzitoa ni vita. Mama naye alisema. Alisema jikoni, alisema shambani, alisema hata tukitoka kanisani watu wakisikia. Jibu la Baba lilikuwa neno moja tu: "Linatembea." Akibanwa sana anasema baada ya mavuno, utadhani chuma nacho hungoja mavuno.

Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wao pekee. Naitwa Restituta, kwa hiyo wao walikuwa Mama Resti na Baba Resti, na ndivyo walivyoitana wao kwa wao, asubuhi hadi jioni. Mwaka ninaousimulia Mama alikuwa na mimba, na mimi nilikwisha amua kwamba anayekuja ni wa kiume na kwamba nitamfundisha kupanda pikapu kwa nyuma bila kukanyaga tairi.

Uchungu ulimjia kabla ya wakati wake, mchana, mvua ikiwa imenyesha tangu alfajiri. Baba alitandika godoro nyuma ya pikapu, akafunga turubai juu yake, Bibi, aliyekuwa amekuja kungoja mtoto, akapanda ili ampakate binti yake kichwa, nami nikaachwa mlangoni na kuku. Nilipunga mkono. Yaliyofuata niliambiwa na Bibi vipande vipande nikiwa mkubwa, maana wazazi wangu hawakunisimulia hata siku moja. Kwenye mteremko wa kuingia korongoni kile chuma kikakatika. Bodi ikaangukia tairi, gari likagoma kwenda mbele wala nyuma. Baba alikimbia kwenye tope kutafuta watu, wanaume wakaja wakakata miti, wakafunga machela, wakambeba Mama mabegani hadi kwenye barabara kubwa ambako walipata gari jingine. Walifika hospitali wakiwa wamechelewa. Mdogo wangu alizaliwa akiwa amekwisha nyamaza. Alikuwa wa kiume.

Pikapu ililetwa nyumbani ikivutwa na maksai wanne. Nakumbuka wanaume walioileta walifungua minyororo nje ya boma, wakawaswaga maksai wao na kuondoka bila kunywa hata maji. Hilo lilinishangaza sana, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna aliyeondoka bila kunywa kitu.

Kwetu Wairaqw kuna jambo linaloitwa metimani. Nyumba iliyopoteza mtoto mchanga hujitenga na watu, na watu hujitenga nayo. Hampeani mikono, hamwombani moto, ng'ombe wenu hawanywi pamoja na ng'ombe wa wengine, mpaka wazee waseme sasa imetosha. Haifanywi kwa chuki. Inafanywa ili msiba usihame nyumba hadi nyumba. Katekista alikuwa akikemea jambo hilo kanisani, watu wakamwitikia vizuri kabisa, halafu wakitoka wanapita njia ya mbali. Haya yote nayajua leo. Wakati ule hakuna aliyeniambia kitu, na mtoto asipoambiwa hujiambia mwenyewe.

Nilichojiambia ni kwamba watu wanaliogopa gari. Niliona kwa macho yangu. Kabla gari halijavunjika, uwanja wetu haukukosa mtu. Gari lilipokaa pale limeinama, watu wakaanza kupinda mbali, na hata wachungaji kutoka pande za Gendabi, ambao mila yao si yetu, walipoona wenzao wanapinda nao wakapindisha ng'ombe wao. Nikajua gari lina ugonjwa, na ugonjwa huo ndio uliomchukua mdogo wangu. Likipona watu watarudi. Sikumwuliza mtu, nilikuwa na hakika.

Kwa hiyo Baba alipoamua kulitengeneza, nilifurahi peke yangu nyumba nzima. Shule zilikuwa zimefungwa. Aliliinua kwa jeki upande wa nyuma, akaweka magogo na mawe chini ya chesisi, akatoa matairi ya nyuma, likabaki limening'inia. Jeki ilikuwa ya Bura. Ndiyo, Bura alikuja, lakini alikuja hadi kwenye ua wa minyaa tu, akaweka jeki chini, nyundo kubwa na spana, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa akakaa juu ya jiwe. Mimi ndiye niliyetumwa kuvichukua. Nilipiga goti kidogo nikasema shikamoo, akaitikia "marahaba, mwanangu" huku mikono yake ikiwa mapajani. Bura huyu ndiye aliyekuwa akinirusha juu na kunidaka. Nikajisemea, kama fundi mwenyewe analiogopa gari, basi ugonjwa wake ni mkubwa.

Tangu siku hiyo kazi ikawa ya kupigiana kelele. Bura anakaa kwenye jiwe lake nje ya minyaa, Baba amelala chini ya gari, mmoja anauliza na mwingine anajibu, kijiji kizima kinasikia.

"Umeanza na pini ya mbele au ya nyuma?"

"Ya nyuma!"

"Nati inazunguka?"

"Haizunguki hata kidogo!"

"Usiipige! Ukiipiga sasa utaharibu uzi wa nati. Ilainishe kwanza. Mafuta ya taa, asubuhi na jioni, mpaka yazame."

Kazi hiyo ya mafuta nikapewa mimi. Nilichukua unyoya wa kuku, nikauchovya kwenye kopo na kupaka kila nati na kila kichwa cha pini, polepole, nikivibembeleza kimoyomoyo. Mafuta tuliyatoa kwenye taa ya mezani, kwa hiyo tukawa tunakula mapema na kulala mapema, na hakuna aliyelalamika kwa sababu hakukuwa na mazungumzo ya kuyakosea usingizi. Mama alikuwa haongei na Baba. Aliongea nami, tena kwa upole kuliko zamani, lakini kwa Baba alipakua chakula bila kumsemesha. Ikimlazimu kabisa aliniambia, "Mwambie maji ya kuoga yako tayari," na Baba yuko palepale, anasikia. Jina la Baba Resti lilikuwa limekufa nyumbani kwetu. Mimi nililiona pengo hilo lakini sikujua lina maana gani, nikadhani labda watu wakifiwa hubadilishiwa majina.

Mafuta yalipozama Baba alianza kupiga nyundo. Bodi yote ilitikisika, mbao za nyuma zikagongana. Lile turubai la siku ile lilikuwa bado limefungwa kwenye kona moja, na kila pigo lililitingisha. Mama kila aliposikia pigo la kwanza alichukua jembe akaenda shamba la mbali, hata kama hakukuwa na kitu cha kupalilia. Nilimwonea Baba huruma, nikaona Mama anamsusa katika kazi ya kutuponya sisi sote. Nimekuja kuzaa mwenyewe ndipo nikaelewa. Mama alikuwa amelala juu ya mbao zile siku ile. Kelele hizo alikwisha zisikia kwa mgongo wake, barabara nzima, shimo kwa shimo.

Pini haikutoka. Kutu ilikuwa imeishika na bomba la chuma lililo ndani ya ule mpira, vikawa kitu kimoja. Bura akapiga kelele kwamba dawa iliyobaki ni moto, kuuchoma mpira wote uishe, ndipo pini ipate nafasi. Baba alishusha tangi la mafuta akalipeleka mbali nyuma ya zizi, akamwagilia maji magunia na kuyafunika pale panapoweza kushika moto, akatoa kaa jikoni kwetu, na punde moshi ukapanda. Ule moshi. Ulikuwa mzito na mchungu, ukaingia nyumbani, kwenye nguo, kwenye uji. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani walisimama mbali wakiutazama. Mimi nilisimama upande unakoelekea nikauvuta kwa makusudi, kwa sababu niliamini ni ugonjwa unaotoka.

Moto ulipokwisha na chuma kikapoa, ikabaki nati. Baba akiizungusha, pini nzima inazunguka nayo ndani ya tundu. Ilihitaji watu wawili, mmoja ashike kichwa cha pini kwa spana upande huu bila kuachia, mwingine afungue nati upande ule. Nikaingia chini ya gari. Nilishika spana kwa mikono yote miwili na kuibana kwa magoti, Baba akavuta, na spana ikaninyang'anya mikono na kunigonga kidoleni. Nikapiga yowe. Kule kwenye minyaa nikaona miguu ya Bura inasimama. Ilisogea hatua, ikafika kwenye mwanya wa ua, ikasimama pale. Nilitaka sana iingie. Haikuingia.

"Bura," Baba akaita, na sauti yake haikuwa ya kupiga kelele tena. "Njoo ushike tu mara moja."

"Ndugu yangu," Bura akasema, "unajua. Mke wangu naye yuko karibu kujifungua."

Baba alilaza kichwa chake kwenye vumbi, mikono kifuani. Ndipo niliposikia hatua nyingine, za kutoka jikoni. Mama siku hiyo hakuwa ameenda shamba. Aliniambia, "Toka, ukaoshe kidole," akajifunga khanga vizuri kiunoni, akalala chali kwenye vumbi upande wangu, akaishika spana. Hakumtazama Baba. Baba akavuta. Mishipa ya shingo ya Mama ilisimama, akauma meno, spana haikusogea. Nati ikalia, ikalia tena, halafu ikaachia. Baba akagonga pini mara mbili ikaanguka chini, nyeusi, fupi kuliko nilivyoiwazia. Nilikuwa nimeiwazia ya kutisha.

Springi ikashuka, na kile chuma kilichokatika kikawa kinaonekana mahali kilipokatikia. Mama akageuka akakitazama. Sehemu kubwa ya jeraha hilo ilikuwa nyeusi ya kutu, na ukingo mdogo tu ndio uliong'aa. Hata mimi niliona. Pale peusi palikuwa pamepasuka zamani, na pale palipong'aa ndipo palipomalizikia siku ile. Mama akapitisha kidole kwenye kutu.

"Hapa palikuwa pamekatika zamani," akasema.

"Ndiyo."

"Ulijua."

Baba hakusema linatembea. "Nilijua," akasema.

Mama akatoka chini ya gari, akakung'uta vumbi, akaingia ndani. Hakulia wala hakutukana. Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo mambo yalikuwa mepesi, lakini siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zilizotangulia. Mama hakunituma hata kumwambia Baba maji ya kuoga yako tayari. Usiku nililala katikati yao, nikihisi kila mmoja yuko macho upande wake. Nilisikia Mama akimwambia Bibi, aliyekuwa bado anakaa nasi, kwamba metimani ikiisha atarudi kwao Masieda, na kwamba atanichukua. Hilo ndilo lililonitia hofu kweli. Ugonjwa wa gari nikausahau.

Springi Bura alizitafuta Katesh, za gari lililochinjwa kwa vipuri lakini bado nzima, akaziacha kwenye minyaa pamoja na pini mpya zilizopakwa grisi na mipira mipya ya kuvalisha kwenye matundu. Baba alizifunga peke yake. Pini mpya ziliingia kwa mkono tu, laini, bila nyundo. Ikatimia. Nikaenda ukingoni mwa njia nikakaa kungoja watu. Jirani yetu Mama Paskali akaja na kuni kichwani, akaliona gari limekamilika, akapinda kulekule anakopinda siku zote.

Nilikimbia kwa Mama nikilia. "Gari limepona, mbona hawaji?"

Ilibidi anikalishe chini na kunisikiliza mpaka mwisho, gari, ugonjwa, moshi na yote niliyojijengea kichwani. Alinishika uso. "Hawaliogopi gari, Resti," akasema. "Wanatuogopa sisi. Wanamwogopa mama yako." Akaona nilivyomtazama, akaongeza upesi, "Itaisha. Wazee watasema, itaisha." Kisha akageuka akatazama nje alikokuwa Baba, akamtazama kwa muda mrefu. Sijui aliona nini. Mimi nilimwona mtu aliyechafuka kwa grisi, ambaye hakuwa amegusana mkono na binadamu nje ya nyumba yetu tangu msiba, sawasawa na yeye.

Ikabaki kazi ya mwisho. Bura alipiga kelele kutoka kwenye jiwe lake: "Usikaze likiwa juu! Ukikaza linaning'inia, mipira itajikunja vibaya, itakufa mapema. Lishushe kwanza, lipate mzigo, likae linavyokaa barabarani. Ndipo ukaze!"

Baba akalishusha. Likakaa sawa, kushoto na kulia, kwa mara ya kwanza tangu nianze kulijua. Mzigo hatukuwa nao, mavuno bado, ghalani mna magunia ya kuhesabika. Baba alipakia hayo, kisha akabeba na yale mawe yaliyokuwa chini ya chesisi, moja baada ya jingine, akiyaweka nyuma. Aliporudi chini ya gari na spana, Mama akatoka ndani.

Alikwenda hadi kona ile ya turubai akafungua kamba iliyobaki. Alilikunja turubai mara nne, akaliweka juu ya magunia. Halafu akakanyaga tairi, akashika ubao, akapanda. Hakuwa amegusa gari lile tangu abebwe kutoka ndani yake. Alijongea mpaka mbele karibu na kioo, mahali palipokuwa pametandikwa godoro, akakaa na kunyoosha miguu. Akanipa mkono, nikapanda nami, nikakaa kati ya magoti yake. Springi zikalia kidogo chini yetu zikatulia.

"Mzigo wake ni sisi," akasema, akiinamia nafasi iliyokuwa kati ya mbao. "Kaza."

Nilichungulia kwenye nafasi hiyohiyo. Nilimwona Baba amelala chali, uso wake chini yetu kabisa, spana imeshika nati. Hakuzungusha. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, na machozi yalikuwa yanamtiririkia masikioni yakichora mistari kwenye masizi. Sikuwa nimewahi kumwona mwanaume wa kwetu akilia, sikujua hata kama inaruhusiwa.

"Imekaza?" Bura akauliza kutoka nje ya minyaa.



"Nauliza, imekaza?"

Mama alikuwa anatazama chini pamoja nami, kidevu chake juu ya kichwa changu. Kisha akainua uso kuelekea kwenye ua, akasema kwa sauti ya kusikika njia nzima.

"Subiri kidogo, Bura. Baba Resti analia."

Na Bura, aliyekuwa amekwisha simama, akakaa tena kwenye jiwe lake akasubiri.